Nyika Isiyo na Watu: Filamu Tunazozitazama Mpanda

Jumamosi jioni, taa za Makanyagio zinapoanza kuwaka na moshi wa mkaa unapotanda juu ya mapaa ya bati, mwanangu wa pili hutumwa upande wa soko la Buzogwe akiwa na flashi mfukoni, na kijana wa duka la muvi, ambaye aghalabu haondoi macho kwenye kompyuta yake, humwuliza swali lile lile la kila wiki: zilizotafsiriwa au za kawaida? Kwa mwenye haraka swali hilo ni dogo. Lakini mimi, niliyekaa miaka mingi nikitazama filamu katika sebule yenye makochi mawili, mkeka mmoja na watazamaji wasiopungua tisa, nimeona kwamba ndani yake mna ulizo lililo kubwa kuliko ladha ya mtazamaji, nalo ni hili: picha ikishaingia nyumbani mwetu, ni nani mwenye haki ya kuisemea?

Watazamaji wenyewe ni wa namna mbalimbali. Kwanza ni mjomba wangu, mzaliwa wa Karema, mzee aliyevuka miaka themanini, ambaye hupewa kiti cha karibu na dirisha kwa ajili ya heshima na kwa ajili ya upepo. Wa pili ni bibi jirani yetu, aliyezaliwa Sitalike kando ya Mto Katuma na kuolewa mjini zamani sana. Kisha wapo mke wangu, wanangu, na watoto wa jirani ambao hesabu yao haijapata kuwa ile ile wiki mbili mfululizo. Husemwa kwamba katika majumba ya sinema ya miji mikubwa anayenong'ona hutupiwa jicho kali. Kwetu anayenyamaza ndiye huulizwa kama anaumwa. Picha hukosolewa, husifiwa, huombewa dua, na mara nyingine husimamishwa katikati ili mkubwa aeleze jambo, na hapana mtu aonaye kuwa amedhulumiwa. Siioni desturi hiyo kuwa kasoro; naiona kuwa ndiyo adabu ya kutazama ya watu waliorithi hadithi za jioni, ambazo mtambaji hakuweza kuziendeleza hata hatua moja mpaka jamaa wamemwitikia.

Miezi michache iliyopita flashi ilituletea filamu ya makala juu ya viboko wa hifadhi yetu ya Katavi. Ilikuwa kazi ya mikono hodari. Kiangazi kimekausha nyika mpaka udongo umepasuka vipande kama sahani zilizoanguka, Mto Katuma umebaki mfululizo wa madimbwi ya tope, na katika madimbwi hayo mamia ya viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, wakiguguna na kusukumana, ilhali mamba wamejificha kwenye mapango ya kingo wakingoja mvua kama watu wangojavyo treni. Madume wawili walipofungua vinywa vyao na kuanza kupigana, mke wangu aliacha kumenya karanga. Juu ya hayo yote ilipita sauti ya msimulizi, sauti ya Kiingereza, nzito na tulivu, ikitueleza kwamba hapa ndipo mahali ambapo dunia imebaki kama ilivyoumbwa, pasipo unyayo wa mwanadamu. Mwanangu mkubwa akaitafsiri kwa ajili ya wazee. Bibi akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo sauti izimeni."

Tukaizima. Picha ikaendelea kimya, naye akaanza kuisemea mwenyewe, akinyoosha kidole kuelekea kioo. Pale, alisema, kabla mto haujapinda kufika lilipo daraja, ndipo walipokuwa wakiteka maji yeye na dada zake. Hawakuteremka mtoni alfajiri mpaka wawe wamesikia viboko wamekwisha rudi majini kutoka malishoni, kwa kuwa kiboko akutwaye nchi kavu kati yake na maji hana msalie Mtume. Akauiga mlio wao kwa koo lake, mguno mrefu unaokatika vipande mwishoni, na watoto wakacheka kwa hofu na furaha iliyochanganyika. Akaonyesha mahali baba yake alipotega kambale, na mti ambao chini yake nduguye alizaliwa njiani. Filamu ile ina dakika kama hamsini. Ya bibi ilichukua saa mbili, kwa kuwa tulikuwa tukiirudisha nyuma kila alipotaka kuutazama tena ukingo fulani, na nathubutu kusema kwamba hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa filamu ya Katavi.

Nisidhaniwe kuwa nawakebehi wapiga picha wale. Mtu anayelala wiki nyingi katika hema, akiumwa na ndorobo mchana na kuamshwa na simba usiku, kusudi mtoto wa Mpanda ambaye hana nauli wala kiingilio cha kwenda hifadhini, mwendo usiofika hata kilomita arobaini kutoka kwao, apate kumwona kiboko wa nchi yake, huyo ametutendea hisani. Kosa si la kamera. Kosa limo katika yale maneno machache juu ya unyayo wa mwanadamu, maana hayana ukweli, na jina lenyewe la mahali linayakanusha. Hifadhi hii, yenye eneo la kilomita za mraba 4,471, iliyotangazwa kuwa ya Taifa mwaka 1974, inaitwa kwa jina la Katabi, mwindaji mashuhuri ambaye wenyeji husadiki kwamba roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na hata leo wapo wanaopeleka sadaka zao chini ya mti huo. Basi nchi inayosemwa kuwa haina watu imebeba jina la mtu.

Zaidi ya hayo, utupu ule una tarehe. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale yanayoenezwa na ndorobo, iliwahamisha watu wengi wa nchi hizi za magharibi kutoka katika vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, na nyuma yao miombo ikarudi juu ya mashamba, na tembo wakapita palipokuwa na majiko. Sisemi kwamba uhamisho ule haukuwa na sababu. Malale ni ugonjwa wa kutisha na waliokufa walikuwa wengi. Nasema tu kwamba mtengeneza filamu anayesimama leo katika mbuga ya namna hiyo na kuiita ya tangu kuumbwa dunia amesimama juu ya jivu la mji wa mtu bila kujua.

Desturi hii ya kuonyesha nchi na kuwasahau wenyeji wake ni kongwe, nayo imetujia kwa jamali kubwa. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitengeneza ile filamu yao ya Serengeti iliyotoka mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya Oscar. Michael hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alikufa Januari 1959 ndege yake ilipoanguka alipokuwa bado kazini. Nimeitazama mara mbili na mara zote mbili nimeguswa, kwani mapenzi ya baba na mwana kwa wale nyumbu ni mapenzi ya dhati yasiyoweza kughushiwa. Lakini katika mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walikuwa wakiondoshwa Serengeti na kupelekwa Ngorongoro pamoja na ng'ombe wao, na filamu ile, yenye huruma ya kumtosha kila mnyama, ilikuwa na huruma kidogo sana kwa hao. Au tuchukue Gombe, jirani zetu wa ziwani. Filamu ya Brett Morgen iitwayo Jane, ya mwaka 2017, iliyoungwa kwa mikanda ya Hugo van Lawick iliyokaa ghalani miongo kadhaa, ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa nilivyopata kuviona katika kioo: yule msichana wa Kiingereza aliyefika mwaka 1960, subira yake, mkono wa sokwe unaougusa mkono wake. Hata hivyo, Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi wanne, na watafiti wa kigeni wakaondoka, wasaidizi wa Kitanzania ndio waliobaki mlimani wakiendelea kuwafuata sokwe na kuandika habari zao siku baada ya siku, na ni kwa kalamu zao elimu ile haikukatika. Kipande hicho ningependa kukiona. Mtu akikitengeneza, nitakitazama usiku huo huo.

Filamu iliyoninyima usingizi kuliko zote, hata hivyo, haina sokwe wala viboko. Ni ile aliyoitoa Hubert Sauper wa Austria mwaka 2004 kwa jina la Darwin's Nightmare, nasi Watanzania tukaipa jina letu wenyewe, filamu ya mapanki. Wanaokumbuka mwaka 2006 watakumbuka ghadhabu iliyokuwako: filamu ilikuwa imeteuliwa kuwania Oscar, Rais Kikwete akailaani hadharani, Bunge likaijadili, na Mwanza watu wakaandamana. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokasirika, na nilikasirika kabla ya kuitazama, jambo ambalo leo naliona si la insafu. Ilipotufikia nyumbani, miaka mingi baadaye, niliitazama na mjomba peke yake, watoto wakiwa wamelala, kwa kuwa niliogopa.

Inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji. Halafu tunapelekwa viwandani, ambako minofu ya sangara hukatwa na kufungashwa kwa ajili ya Ulaya, na kutoka viwandani mpaka uwanja wa kuanikia mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki, ambapo mwanamke mmoja anasimama katikati ya funza na mvuke wa samaki waliooza, akieleza kazi yake bila kujihurumia. Tunaona mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu, akisema kwa upole kwamba vita ingekuja ingekuwa heri, maana askari hulipwa vizuri. Tunamwona msichana anayewastarehesha marubani, akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa kuipenda Tanzania ambao sote tuliimba shuleni. Na kabla filamu haijaisha tunaarifiwa kwamba ameuawa. Hapo mjomba alitoa kofia yake akaiweka gotini, akakaa nayo hivyo mpaka mwisho.

Hukumu yangu juu ya kazi hiyo ni ya pande mbili, wala siwezi kuifanya moja. Sauper anatutia shaka, kutoka mwanzo hadi tamati, kwamba ndege zinazokuja kuchukua samaki huja na silaha, na anawabana marubani mpaka mmoja anaungama safari yake ya Angola. Lakini sanduku la silaha lililoshushwa Mwanza halionyeshi, na mtazamaji anaachwa aijaze nafasi hiyo kwa dhana yake. Kuunga picha na picha ili kuzaa tuhuma ambayo hakuna hata moja kati yake inayoithibitisha ni ustadi, lakini si ushahidi. Mji mzima umetiwa katika giza, kana kwamba Mwanza hapana harusi, hapana shule, hapana mtu anayecheka kwa sababu njema. Hayo yalitukosea Watanzania kwa jumla. Lakini mlinzi yule hakukosewa. Alipewa muda wa kusema, uso wake ukakaa katika kioo mpaka tukaujua, na sauti yake haikufunikwa na sauti ya mtu mwingine. Na waliompinga Sauper mwaka ule, wengi wetu, tuliitetea nchi tukamsahau yeye.

Tulipoizima, mjomba aliniuliza kama sangara ni mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Nikamwambia kwamba aliletwa na kutiwa humo kwa mikono ya watu katika miaka ya 1950. Akatafakari, kisha akasema, "Mpwa wangu, yule ana sura ya mgebuka." Macho ya mvuvi hayakumdanganya, kwani wataalamu huwaweka mgebuka wetu wa Tanganyika na sangara katika jamii moja; tofauti ni kwamba mgebuka alikuwa ziwani mwake tangu kale, amezoeana na maadui zake, na huyu mwingine alipelekwa ugenini akala kila alichokikuta.

Narudi sasa kwa kijana wa Buzogwe na swali lake. Zilizotafsiriwa ni zile filamu za kigeni, za Marekani, za Uchina, za Kikorea, za Kihindi, za Nigeria, ambazo juu yake mfasiri wa Kitanzania ameweka sauti yake mwenyewe, akiwasemea wote, mfalme na mtumwa, bibi na bwana, huku akieleza, akionya, akishangaa na kuongeza ya kwake. Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, ndiye mwenye heshima ya utangulizi katika fani hiyo, na baada yake wamekuja wengi ambao majina yao watoto wa Mpanda huyajua kuliko majina ya waigizaji wenyewe. Wasomi wengi huidharau kazi hiyo, wakisema kwamba inaharibu filamu, inafunika muziki, inasema yasiyosemwa. Hayo yote ni kweli, nami nimepata kukereka mfasiri alipoongea palipostahili kimya. Lakini ukiingia katika kibanda umiza chochote cha mji huu, mahali pa mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kimiani cha chuma, ukawaona vijana waliotoka kwenye mashimo ya dhahabu na madereva wa bodaboda wakiifuata kalima kwa kalima hadithi iliyotungwa Hong Kong, utaona kwamba mfasiri amefanya jambo ambalo hakuna serikali wala shule iliyolifanya: ameipa dunia ulimi wa Kiswahili, na akaipa kwa bei ya mtu maskini.

Wakubwa wa zamani hawakututarajia hivyo. Katika zama za ukoloni walikuwako Waingereza waliofanya kazi ya kutuonyesha sinema wakiwa na itikadi kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayobadilika upesi, na kwa hiyo filamu za kwake hazina budi kwenda polepole, jambo moja moja, zikimfundisha kuchimba choo na kuua mbu. Huko Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937 zilitengenezwa filamu 35 za namna hiyo. Mjomba analikumbuka gari la sinema la miaka ya baadaye, shuka nyeupe iliyotandazwa kati ya miti miwili na jenereta ikinguruma gizani, na watu wakiwa wamekaa pande zote mbili za shuka, kwa kuwa walioko nyuma nao waliona, ingawa kila mtu katika picha alitumia mkono wa kushoto. Ni katika zama hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa akitembeza sinema kwa ajili ya idara ya maendeleo ya jamii, aliigiza katika Muhogo Mchungu na kuwa miongoni mwa nyuso za kwanza za Kiafrika ambazo Watanganyika waliziona zikisema Kiswahili juu ya shuka; mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Kila nikiwaona watoto sebuleni wakifuata mapigano ya Jackie Chan, ambayo macho yangu yanashindwa kuyashika, nawakumbuka wale mabwana wa polepole.

Juu ya filamu zetu za Bongo sitasema mengi, si kwa dharau bali kwa kuwa kila nyumba ina maoni yake na yangu si ya pekee. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, mitaa ya Mpanda ilinyamaza kana kwamba msiba uko nyumba ya pili. Msanii aliyependwa hivyo hahitaji utetezi wangu. Ninacholalamikia ni jiografia. Katika nyingi ya filamu hizo maisha yote yamo katika majumba ya Dar es Salaam yenye mageti meupe, na upande huu wetu wa nchi, Rukwa na Katavi, huonekana tu pale mtu anapotaka kuloga. Mganga atatoka Sumbawanga, naam, na hatatoka hapo kitu kingine. Na jambo hili nalisema kwa uzito: filamu tunazowekewa kwenye flashi kwa shilingi mia chache haziwafikishii watungaji hata senti, nami nafahamu kwamba anayetaka hadithi za kwao bila kuzilipia anasaidia kuziua.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilinipa tumaini la aina nyingine. Unguja ya miaka ya 1950 imo humo ndani ya vyumba vya nusu giza, katika vitambaa, katika mashua, katika taarabu; na Denge na Yasmin wanapozungumza, wanazungumza Kiswahili cha kwao, laini na chenye miiba, pasipo mtu wa kutufafanulia. Mke wangu aliomba irudiwe siku hiyo hiyo. Bibi, ambaye hajapata kuiona bahari, aliuliza mji ule ni wapi, na alipoambiwa ni Unguja, ni nchi yetu, alisema, "Basi na sisi waje."

Waje kweli, maana kazi ipo. Wapo watu wa Katumba na Mishamo, waliokimbia damu ya Burundi mwaka 1972, wakafyeka miombo, wakalima, wakazaa, wakazeeka wakiwa wageni, na wengi wao hatimaye wakapewa uraia wa nchi hii. Ipo reli ya kutoka Kaliua, iliyotandazwa kwa ajili ya machimbo ya risasi, ambayo ilibaki kuwa mishipa ya mji machimbo yalipofungwa. Na yuko Adrian Atiman.

Huyo mjomba alimwona kwa macho yake akiwa mtoto. Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akatekwa utotoni na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa Sahara, akakombolewa kwa fedha na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, katika ile ngome ya zamani ya Wabelgiji kando ya ziwa, akiwa tabibu na katekista. Hakuondoka tena. Alitibu, alipasua, alishona, alikusanya dawa za miti ya wenyeji na kuzichunguza, kwa muda unaokaribia miaka sabini, mpaka mauti yalipomkuta huko huko mwaka 1956. Mjomba anakumbuka ndevu nyeupe, na mkono uliobana taya lake ili atolewe jino, mkono mkavu, asema, na mwepesi kuliko ulivyotazamiwa. Nchi nyingine ingekuwa imekwisha kutengeneza filamu tatu juu ya mtu huyo.

Badala yake dunia imelitengenezea ziwa letu The African Queen. John Huston aliitoa mwaka 1951, Humphrey Bogart akapata Oscar kwa ajili yake, nami naipenda, ikiwa ni lazima kuungama. Naipenda kwa ajili ya Bogart anapotoka majini na ruba wamemganda mwilini, na akiisha kutetemeka kwa karaha, akarudi majini tena kwa kuwa mashua haina wa kuivuta. Lakini tazama wenyeji. Mwanzoni wamo kanisani, wakitoa sauti ya wimbo wasioujua. Kisha kijiji chao kinachomwa na wao wanaswagwa. Na baada ya hapo, ukiacha askari wanaofyatua bunduki kutoka ngomeni, mto wote mrefu hauna mtu. Ni nyika ya viboko tena. Hatimaye hao wawili, mwanamke na mwanamume, wanaizamisha ziwani manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa.

Manowari iliyomtia mtungaji wa hadithi hiyo katika fikra ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Hakuna aliyeizamisha kwa hila. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake mafuta mazito ili isioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikapakia dagaa, mahindi, mabibi harusi na maiti, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, kwa miongo na miongo. Ilikuwa ikisimama mbali na ufuko wa Karema, aghalabu usiku, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka gizani kuwachukua abiria. Mjomba alipanda hivyo mara ya kwanza akiwa kijana, mama yake akimrushia kifurushi cha migebuka ya kukausha kutoka katika mtumbwi, na kifurushi kikadakwa na mtu asiyemjua.

Jumamosi iliyopita nilimwekea filamu hiyo, na kabla haijaanza nikamweleza kwamba inahusu meli ile. Alivaa miwani, akaomba watoto wakae chini wasimzibe. Aliguna kijiji kilipochomwa, akaniuliza ni wapi pale, nikamwambia ilipigwa Kongo na Uganda; akacheka ruba walipotoka. Akanyamaza. Mashua ilikuwa imekwama katika matete, wale wawili wamelala ndani yake kwa uchovu na mvua inaanza kunyesha, nilipoona kichwa chake kimeinama. Nikataka kumpelekea blanketi. Alifumbua macho nusu, akauvuta mkono wangu.

"Ikifika Karema," akasema, "niamsheni."